Vikuku vya Mtani

Mwenzenu nina wivu, nawaambia mapema ili tusije tukalaumiana huko mbele. Wivu wangu si wa kujificha nyuma ya pazia. Mimi nauliza swali, najibiwa, nauliza tena lilelile. Ndiyo maana siku ya Zoezi Kuu, kura ilipomwangukia Tusekile kuwa marehemu, watu wote wa Idara ya Maji walishika vichwa, na mimi wa Zimamoto nikainamia buti zangu wasije wakaona nilivyofurahi.

Kura ilichezeshwa mbele ya bohari ya maafa, kama kila mwaka kabla ya mvua. Mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Mgalula, alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya beji akawa anazitoa: mmoja wa umeme, mmoja wa magari ya wagonjwa, mmoja wa ghala la chakula, mmoja wa maji. Ambaye beji yake imetoka, homa imemuua. Si kweli, lakini kwa siku ile ni kweli tupu. Anafungwa kitambaa cheupe kichwani, anaketishwa kwenye mkeka chini ya turubai nje ya kituo chake, hasemi neno na hamgusi mtu, na kazi yake inashikwa na mtani.

Wageni wakija Ndobola hushangaa tunavyocheka siku hiyo. Hawajui tulikotoka. Wakati wa Homa ya kwanza mji huu ulikaa na bwawa limejaa na mabomba makavu, kwa sababu watu waliojua kuyafungulia walikuwa wodini au makaburini. Waliobaki hai walipojiuliza nani ashike kazi ya aliyekufa, hawakwenda mbali kutafuta jibu. Msibani kwetu mfiwa hapiki wala hachimbi. Anayepika, anayechimba, anayemuiga marehemu mpaka watu wanacheka na machozi yao, ni mtani. Basi wakazifanya idara kuwa watani. Maji mtani wake Zimamoto, Umeme mtani wake Barabara. Na sheria ya utani wakaiacha kama walivyoikuta: mtani atakusema, atakuiga, atakunyang'anya, na wewe huruhusiwi kununa.

Tusekile alivua vikuku vyake akanikabidhi. Aliniangalia kidogo, akaenda kuketi mkekani taratibu, kama mtu anayekwenda kupumzika kibarazani kwake. Hata kufa alikufa vizuri, na hilo nalo liliniudhi.

Ngoja niwaambie kilichokuwa kinaniudhi. Mume wangu, Lwitiko, ni fundi wa bomba, kazi yake kuzunguka na pikipiki kufuata njia za maji. Akirudi nyumbani, kabla hajavua buti, dada Tusekile kasema hivi, dada Tusekile kaona ufa ambao hakuna aliyeuona, dada Tusekile haongei sana lakini akiongea... Mimi naongea sana. Mimi nimeingia nyumba zinazowaka moto nikatoka na watu mgongoni, ila sijawahi kusikia Lwitiko anamsimulia mtu habari zangu na macho yanang'aa namna ile. Nilimuuliza kama kuna jambo kati yao. Akacheka. Nikamuuliza tena wiki iliyofuata, akasema mama Ipyana, huyo ni mkuu wangu wa kazi, na akaenda kuoga. Maji yakakatika akiwa na povu mwilini. Mabatini kwetu maji yalikuwa yanakatika hivyo, mgao ukitangazwa tu sisi ndio wa kwanza. Nilimpelekea ndoo ya akiba nikimwambia idara yenu ina chuki na sisi. Akasema mabomba ya Mabatini ni ya zamani.

Sasa nilikuwa nimeshika vikuku vya huyo mwanamke, bado vina joto la mkono wake.

*

Kwa macho utasema ni shaba ya kawaida. Ndani vina ngozi laini inayosoma kano za mkono. Ukifanya kazi umevivaa vinajifunza ulishika nini kwanza, ulisita wapi, ulikaza kiasi gani. Mwingine akivivaa, vinamminya na kumvuta polepole kwenda kule ambako mkono wako ungekwenda. Havisemi, na sababu ya jambo havijui hata moja. Vinajua mazoea tu.

Niliingia chumba cha mitambo nikimuiga Tusekile anavyotembea, mabega yameshuka, kichwa kimeinama upande, na vijana wa zamu wakaangua kicheko. Kisha nikaketi kwenye kiti chake, vikuku vikaamka, na kicheko changu kikaisha chenyewe.

Mkono wangu ni wa kuvunja milango. Nikishika kikombe watoto wanasogea. Lakini pale mezani, mbele ya vile vishikio vya maji, kila kimoja na mtaa wake, mkono wangu ulikwenda kama wa mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Nilisukuma kishikio cha Sokoni kidogo, nikasubiri bila kujua nasubiri nini, kisha chini ya sakafu pampu ikabadilisha mlio na mkono ukamalizia. Nilisikia raha, sitaki kuwadanganya. Nilisikia raha, halafu wivu ukanipanda mara mbili, kwa sababu nilimuelewa Lwitiko. Mtu anayefanya kazi namna hii, na wewe ni fundi unayeipenda kazi, utaacha kumsifia?

Bwana Mgalula alikuwa amesimama nyuma yangu na kishikwambi chake, anafuatilia jinsi mkono wangu unavyofanana na wa marehemu. Alisema tumeanza vizuri.

Ndipo redio ya mawasiliano ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Lwitiko, kutoka kwenye njia ya juu, anatoa taarifa ya zoezi kuwa bomba kuu halivuji.

"Maji, Maji, hapa fundi wa njia ya juu."

Mkono wangu wa kushoto uliacha kishikio, ukaenda kwenye redio, ukaongeza sauti.

Sikufikiria kitu mwanzoni. Nilijibu, nikasema nimepokea. Baadaye kidogo fundi mwingine akaita, yule wa Sokoni, na alikuwa anasikika vibaya kuliko Lwitiko, maneno yanakatika. Mkono ukatulia mezani. Mtu wa ghala la dawa ya maji akaita, mkono ukatulia. Lwitiko akaita tena, na mkono ukanyanyuka.

Nikamwambia Lwitiko arudie taarifa, simsikii vizuri. Akarudia. Mkono ukapandisha sauti tena, taratibu, kidole cha mwisho kimekunjwa kidogo, na hata baada ya yeye kumaliza, kiganja kikabaki juu ya redio kama kinangoja aongeze neno. Kijana wa zamu aliuliza kama redio ina tatizo. Nikamwambia haina.

Nimewahi kutafuta ushahidi, jamani. Nimenusa mashati. Nimepiga simu kituoni nikajifanya mteja. Na leo ushahidi unaminya kano zangu mwenyewe, na siwezi kumuonyesha mtu, maana nitamuonyesha nini? Mkono unaogusa redio? Nilitazama nje dirishani. Tusekile alikuwa mkekani na kitambaa chake cheupe, na hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Pale nikajua kwamba anajua ninachokijua.

*

Mchana Bwana Mgalula akasoma hatua ya pili ya zoezi. Homa imeenea. Nusu ya watu wa pampu wamelazwa, umeme umepungua, pampu iliyobaki haiwezi kubeba mji wote. Lazima mtaa mmoja ufungwe ili mingine ipate. Akaniambia nisifikirie, niuache mkono wa marehemu uamue, kwa sababu ndicho kinachopimwa.

Niliuacha. Vikuku havikusita hata kidogo. Viliupitisha mkono wangu juu ya Sokoni, juu ya Kilimani, juu ya Misheni, vikaushusha kwenye kishikio cha Mabatini, na vikafunga. Tangu asubuhi vilikuwa vya upole, lakini hapa vilikaza. Vilifunga kwa nguvu ambayo kishikio kile hakikuihitaji.

Nilirudisha kishikio juu. Vikuku vikaniminya mpaka vidole vikafa ganzi, vikafunga tena. Bwana Mgalula akaguna. Aliniuliza kwa nini nabishana na mkono wa mtaalamu.

Nikamwambia Mabatini ndiko kwenye uwanja wa maonyesho, na uwanja wa maonyesho ndiko yatakakowekwa mahema ya wagonjwa homa ikija. Akasema wagonjwa wataletewa maji kwa maboza. Nikamuuliza maboza yataendeshwa na nani kama madereva nao wanaumwa. Akasema swali zuri, lakini si la leo. Akafungua kishikwambi akanionyesha: tangu miaka miwili nyuma, kila mgao, mkono wa Tusekile umeanza na Mabatini, haukukosea hata mara moja. Mtu mwenye uzoefu namna hii, akasema, hafungi mahali bila sababu. Huenda ni kwa kuwa mtaa uko bondeni, huenda kuna jambo la mabomba ambalo hata yeye mwenyewe Tusekile asingeweza kulieleza. Huo ndio uzuri wa vikuku, vinahifadhi hekima ambayo mdomo hauwezi kuitoa. Alikuwa amefurahi kweli. Akasema ataiweka kama utaratibu wa mji, na jioni atapiga mhuri.

Miaka miwili. Miaka miwili nyuma ndipo mimi na Lwitiko tulipofunga ndoa tukahamia Mabatini.

Kuhusu mhuri niwaeleze. Ukishapigwa, vikuku havijifunzi tena mpaka msimu wa homa upite. Kuna mji uliwahi kuviacha wazi, mwendeshaji akaugua akiwa kazini, akavifundisha mtetemo wake wa homa, na kila aliyevivaa baada yake akawa anatetemeka na kufungulia maji machafu. Tangu hapo, mhuri. Na kabla ya mhuri hakuna anayeweza kuvirekebisha isipokuwa mwenyewe, kwa mkono wake, akiifanya ile kazi upya mpaka vikubali. Lakini mwenyewe ni marehemu. Marehemu akiinuka bila sababu, zoezi limeanguka, linarudiwa baada ya mvua. Na homa isingetusubiri hadi baada ya mvua. Ilikuwa imesharipotiwa bandarini, na malori kutoka bandarini yanalala Ndobola.

Kwa hiyo nilikuwa na njia ya kusema. Nimwambie Bwana Mgalula pale pale kwamba hiyo anayoiita hekima ni wivu wa mwanamke kwa mwanamke. Angeniamini, kwa sababu ningemuonyesha redio. Tusekile angevuliwa kazi kabla jua halijazama, mji ungebaki bila mtu wake bora wa maji na homa iko mlangoni, na jina la mume wangu lingeliwa sokoni pamoja na mihogo. Na nilitaka. Msinione nimekaa hapa nasimulia kwa utulivu, nilitaka mpaka mate yalinijaa. Nilitaka vijana wale waliokuwa wanamwita dada kwa sauti ya ibada wajue mkono wa dada ulikuwa unafanya nini.

Au ningenyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwani zoezi lingepita, na Mabatini wangezoea. Tayari walikuwa wamezoea.

Nikamwambia Mkaguzi kwamba saa ya maziko imefika na mimi kama mtani natoka nikamlilie marehemu wangu.

*

Chini ya turubai palikuwa pamejaa. Siku ya Zoezi watu hupenda maziko kuliko yote, wanakuja na watoto. Lwitiko naye alikuwa amesharudi, pikipiki imeegeshwa ukutani, buti zina tope, anatabasamu kusubiri vituko vya mkewe. Mkewe alikuwa anakuja na maneno yaliyokwisha kupangwa mdomoni. Utani ungenilinda. Ningesema yote kwa sauti ya mzaha na hakuna ambaye angeruhusiwa kununa, hata yeye.

Nilianza kama inavyotakiwa. Nililia kwa kelele, nikamlaumu marehemu kwa kufa na chai hajaninywesha, nikajigaragaza mpaka watoto wakacheka. Kisha nikatandua khanga yangu nikaturushia sote wawili vichwani, kama mtani anavyofanya akitaka kumnong'oneza marehemu salamu za kupeleka kuzimu. Nje walikuwa wanapiga makofi. Ndani ya khanga kulikuwa na joto na harufu ya sabuni yake.

"Mabatini," nikamwambia. "Na ile redio."

Nilidhani ataendelea kuwa marehemu. Halafu akasogeza mdomo sikioni mwangu.

"Lwitiko hajui," alisema. "Sijawahi kumwambia neno. Nakuapia, hajui chochote."

Ningependa angekuwa anajua. Ningepata wa kumgombeza, ningevunja sahani mbili tatu, tungelia, yangeisha. Mtu anayependwa asijue utamfanya nini? Nilimtazama machozi yanavyomshuka kwenye pua bila sauti, maana hata kulia alikuwa analia kwa mpango, na nikasikia hasira yangu inatafuta mahali pa kukaa haipati.

"Na watu wa Mabatini walikukosea nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nafunga kwako," akasema. "Nilikuwa naona nyumba yako tu. Sikuwa nawaona wengine."

Jibu hilo lilinichoma, na si kwa sababu lilinihusu. Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha mitambo na mahema mdomoni, naongea na Mkaguzi habari za wagonjwa na maboza, na tangu nilipovuka mlango ule hadi chini ya turubai sikuwa nimewakumbuka hao wagonjwa tena. Nilikuwa namuona yeye tu. Nikamwambia ajifute uso na asikilize nitakachomdai, na akikataa nitasema kila kitu mbele ya mume wangu.

Nikaifunua khanga. Nikasimama, nikapanua mikono yote miwili kuzuia njia ya jeneza, japo jeneza lenyewe ni mbao mbili za zoezi. Watu wakashangilia, wanaijua hiyo. Mtani akizuia maziko, hazikwi mtu mpaka deni limelipwa, na kwa kawaida ndugu hutoa kuku, au soda, au kitenge, wakabembelezana hadi njia ikafunguliwa. Mkuu wa idara yao akajitokeza na kuku mkononi.

Nikamwambia kuku wake simtaki. Nikasema marehemu huyu ana deni lake mwenyewe, na atalilipa kwa mkono wake mwenyewe. Ameninyima maji mtaani kwangu, mume wangu amekaa na povu machoni, mimi nimegeuka mchota maji kwa ndoo uzeeni. Hazikwi mtu. Aamke, avae vikuku vyake, anifungulie Mabatini nikiona, na afunge kwingine, kisha arudi kufa kwa raha zake.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lwitiko alicheka kuliko wote, kwa habari ya lile povu. Bwana Mgalula hakucheka. Alisema marehemu haamki. Nikamuuliza kama amenuna. Umati wote ukageuka kumtazama, maana mkaguzi akinuna utani umevunjika, na utani ukivunjika ndilo zoezi linaloanguka, imeandikwa kwenye sheria yao wenyewe. Alinitazama, akatazama watu, akasema kwamba hajanuna.

Tusekile akainuka.

*

Tuliingia chumba cha mitambo na nusu ya mji imejipanga madirishani. Nilivivua vikuku nikamvisha kwa mikono yangu, kushoto kisha kulia. Aliketi kwenye kiti chake. Bwana Mgalula akaseti mitambo upya: homa imeenea, pampu moja, mtaa mmoja ufungwe.

Mkono wake ukaenda Mabatini.

Alikuwa ameukusudia usiende, nilimuona. Lakini ile miaka miwili ilikuwa ndani ya vikuku na ndani ya kano zake vilevile, ikamkokota. Aliurudisha nyuma kwa nguvu akaupeleka Misheni, ambako kila nyumba ina tanki la mvua na ambako yeye mwenyewe anaishi, akafunga. Mitambo ikaanza upya. Mkono ukaenda tena Mabatini, akaurudisha. Vikuku vilimminya hadi vifundo vikawa vyeupe. Alirudia, akarudia tena, jasho linamtoka chini ya kitambaa cheupe, na nje wanacheka kwa sababu wanaona marehemu anafanyishwa kazi na mtani wake kama punda. Sijui alirudia mara ngapi. Najua kwamba mwishoni mkono ulikuwa unapita juu ya Mabatini bila kugusa, kwanza kwa kusitasita, kisha moja kwa moja, ukashuka Misheni na kufunga kwa upole uleule wa asubuhi.

Bwana Mgalula alitazama kipimo. Alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, kuwa msukumo umepanda kwenye mitaa mingine yote, na kwamba Mabatini ilipofungwa haukuwa umepanda hata nukta. Hakuuliza kwa nini. Pengine aliogopa kujibiwa.

Nilikuwa nimebakiwa na deni moja. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaitazama ile redio. Ningeweza kumdai na hiyo. Lakini ili vikuku visahau, Lwitiko angepaswa kuita na kuita na kuita, na yeye akae pale amezuia mkono wake, mbele ya madirisha yaliyojaa macho, na Lwitiko mwenyewe ni mmoja wa waliokuwa dirishani. Hakuna mtu ambaye asingeelewa. Niliufungua mdomo. Tusekile hakugeuka, lakini mgongo wake ulikuwa unasubiri.

Nikasema deni limelipwa, kamzikeni.

Mhuri ulipigwa jioni ile. Tulipofika nyumbani Lwitiko aliniuliza nilimnong'oneza nini dada Tusekile ndani ya khanga, maana alitoka macho mekundu. Nikamwambia utani. Akasema nilizidisha kidogo. Nikaweka chai mezani kwa nguvu, ikamwagika, na wala sikufuta.

*

Homa iliingia Ndobola na malori, kabla mvua hazijaanza, kama ilivyohofiwa. Sasa hivi ninapowasimulia haya, kura haina ndoo tena, inachagua yenyewe. Tusekile alikuwa wa kwanza katika Idara ya Maji. Aliugua kwa sababu alikwenda mwenyewe kuunganisha mabomba ya mahema uwanja wa maonyesho, wakati mafundi wengine walikuwa wanaogopa, akifanya kazi bega kwa bega na mume wangu. Ndiyo, nimeuliza. Nimejibiwa. Nitauliza tena.

Amelala humo humo kwenye mahema, Mabatini, na maji anayopozwa nayo paji la uso yanatoka kwenye njia ileile aliyokuwa anaifunga.

Mimi niko kwenye kiti chake. Vikuku vimetoka kwenye tanuri la kuua vijidudu, vimepoa, nimevivaa, na havitajifunza chochote kutoka kwangu hata nikae humu mwaka. Leo asubuhi umeme ulipungua, ikabaki pampu moja, si ya zoezi. Niliulegeza mkono nikafumba macho, naogopa. Ukapita Sokoni, ukapita Kilimani, ukafika Mabatini, ukapita. Ukafunga Misheni. Nikakaa kidogo nikapumua.

Baadaye redio ikakoroma.

"Maji, Maji, hapa Mabatini. Kwenye mahema maji yanatoka. Huyu mkuu wetu amekunywa kidogo, anawasalimu."

Sauti ya Lwitiko ilikuwa imechoka, imekauka kwa barakoa na kukosa usingizi. Mkono wangu wa kushoto ukaacha kishikio, ukanyanyuka, ukaenda kwenye redio kumuongezea sauti, kidole cha mwisho kimekunjwa. Wivu ulinipanda uleule, haujapungua, naweza kuwaapia. Ningeweza kuukaza mkono ubaki mezani, nguvu ninazo.

Niliuacha uende, nikamsikiliza mume wangu hadi akamaliza, na alipomaliza kiganja kikabaki pale juu ya redio, kinangoja, nami nikangoja nacho.